RANGI SI PAMBO: MATUNZO YA MAGHALA YA VYAMA VYETU

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa halmashauri na wanachama wa vyama vya msingi)



Najua kwamba wengi wenu mlitarajia niseme juu ya leja, mizania na marejesho ya kila mwezi, kwa kuwa hayo ndiyo mliyozoea kuyasikia kinywani mwangu. Leo nimechagua jambo ambalo huonekana mara chache katika vitabu vyetu vya fedha, na linapoonekana huandikwa kwa neno moja tu: "Rangi." Nataka tulitazame neno hilo na yale yaliyofichika nyuma yake, maana chini ya rangi kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna mazao ya mwanachama.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi cha wakulima wa mahindi. Sitakitaja jina. Nilifika siku mbili kabla ya Mkutano Mkuu wa mwaka, nikalikuta ghala linang'aa. Kuta zilikuwa nyeupe na milango ya buluu, na harufu ya rangi mbichi ilikuwa bado imetanda uani. Nilisimama hapo hapo uani, nikafungua daftari langu, nikaandika: "Jengo limekarabatiwa na liko katika hali nzuri." Sikuweka hata kidole ukutani.

Chini ya mwembe alikuwapo mzee mmoja, mwashi wa siku nyingi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akasema, "Ule ukuta wa upande wa mlimani una maji. Wangeungoja ukauke kwanza." Nikamjibu kwa haraka kwamba jambo hilo halmashauri italiangalia, nikaenda zangu.

Masika yalipokwisha niliitwa tena. Rangi ya ukuta ule ilikuwa imetoka malengelenge makubwa, na kila lengelenge lililotobolewa lilitoa maji. Magunia yaliyokuwa yamegusa ukuta yalikuwa yameota kuvu. Mnunuzi aliyakataa, na hasara ikawaangukia wanachama wote. Katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo, mama mmoja alisimama na taarifa yangu mkononi. Akasema, "Mkaguzi ameandika hapa kwamba ghala ni zima. Mimi nililala nikijua ni zima. Sasa, ndugu zangu, hasara hii anailipa nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimejifunza habari za rangi kwa mafundi na kwa vitabu, na niliyojifunza ndiyo ninayowaletea leo.

KAZI YA RANGI

Kila rangi ya jengo ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni unga unaoipa sura na kuficha kilicho chini yake. Ya pili ni kishikizo, yaani mafuta, utomvu au plastiki, ambacho huushikanisha unga huo na ukuta. Ya tatu ni kimiminika cha kuilainisha, aghalabu maji au tapentaini. Rangi ikikauka, kimiminika huruka hewani, na kinachobaki ni ngozi nyembamba. Tabaka moja lililokauka huwa jembamba kuliko karatasi ya daftari la shule.

Hivyo basi, yafaa tujiulize ngozi nyembamba kiasi hicho yaweza kufanya nini. Yaweza kuzuia mvua isipenye kwenye lipu iliyo nzima. Yaweza kuzuia jua lisipasue ubao, na hewa yenye unyevu isilile bati. Lakini haiwezi kushikilia lipu inayobomoka, wala kuziba ufa unaozidi kupanuka, wala kuzuia maji yanayotoka nyuma ya ukuta wenyewe. Chama kikiipa rangi kazi hizo tatu za mwisho, kimetupa fedha za wanachama.

MAJI KWANZA

Adui wa kwanza wa ghala ni maji, nayo huingia kwa njia nne. Huingia juu, kwa tundu la msumari wa bati. Huingia pembeni, kwa mfereji wa paa uliovunjika unaomwaga ukutani. Huingia kwa udongo uliorundikana nje mpaka ukapita kimo cha sakafu ya ndani. Na huingia kwa chini, yakipanda kutoka ardhini kupitia msingi uliojengwa bila kizuizi cha maji, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa.

Baadhi ya maghala tunayoyatumia yalijengwa na wazee wetu kabla vyama vikuu havijavunjwa mwaka 1976. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika wa aina ile, majengo mengine yalikuwa yamekwisha kupita mikono mingi. Haifai kudhani kwamba msingi wake ni mzima kwa sababu tu jengo bado limesimama.

Lipo jaribio ambalo katibu yeyote aweza kulifanya bila fundi. Chukua kipande cha nailoni, upana na urefu wa nusu mita, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha mwanya. Kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ukuta wako una maji, nao haujawa tayari kupakwa rangi ya plastiki wala ya mafuta. Tafuta njia ya maji kwanza, uizibe, kisha uungoje ukuta ukauke, hata ikiwa ni kwa wiki nyingi. Dalili nyingine ni unga mweupe unaojitokeza juu ya lipu. Huo ni chumvi iliyoletwa na maji kutoka ndani ya ukuta au ardhini. Ukiipaka rangi juu yake, chumvi itaisukuma rangi hiyo nje.

Wala hili si jambo la rangi pekee. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Kuvu hiyo hustawi katika nafaka yenye unyevu. Kwa hiyo magunia yawekwe juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu, na yaachane na ukuta kiasi cha mtu kupita. Nafasi hiyo ndiyo itakayompa mkaguzi njia ya kuufikia ukuta, hata yule mwenye haraka kama nilivyokuwa mimi.

CHOKAA

Siku hizi katibu akitaja chokaa katika halmashauri, wajumbe hucheka na kuiita rangi ya maskini. Nawaomba tuwe na adabu mbele yake. Watu wa pwani yetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa kwa karne nyingi, na kuta zao zingali zimesimama Kilwa na Mji Mkongwe wa Unguja, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Mawe yenye asili ya chokaa yakichomwa kwa moto mkali wa kiasi cha nyuzi 900, hupoteza hewa ya ukaa na kuwa chokaa kali. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe, kisha huwa laini. Ikipakwa ukutani hunywa tena ile hewa ya ukaa iliyoipoteza tanurini, nayo hurudi kidogo kidogo kuwa jiwe. Ndiyo sababu haitakiwi kukaushwa kwa haraka. Ukuta hulowanishwa kidogo kabla ya kupaka, chokaa huchujwa na kuzimuliwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na hupakwa matabaka matatu au zaidi, kila moja likipewa muda wake. Tabaka moja zito litapukutika.

Faida ya chokaa kwa ghala ni kwamba inapumua: unyevu ulio ukutani hupita na kutoka nje badala ya kufungiwa. Tena ukali wake hauipendezi kuvu. Waliotengeneza nyumba za kale za pwani kwa lipu ngumu ya saruji wameona jinsi maji yanavyofungiwa ndani na jinsi chumvi inavyoyala mawe. Hasara ya chokaa ni kwamba huchuja kwa mvua, na nje hutaka kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Vile vile haishiki juu ya rangi ya mafuta wala ya plastiki; ni lazima rangi hiyo ikwanguliwe kwanza. Na anayeizima chokaa kali akinge macho yake, maana ikimrukia jichoni yaweza kumpofusha.

UKUTA WA SARUJI

Lipu mpya ya saruji ina ukali unaofanana na wa majivu. Mama zetu walipochemsha mafuta pamoja na maji ya majivu walipata sabuni. Jambo hilo hilo hutokea ukutani: rangi ya mafuta ikipakwa juu ya lipu mbichi, mafuta yake hugeuka sabuni, ikawa laini na kutoka kwa ukucha. Fundi hulaumu kiwanda, na kiwanda humlaumu fundi, lakini kosa ni la haraka. Lipu mpya ingojewe siku zisizopungua 28, na kwa ukuta wa nje rangi ya maji yenye kishikizo cha plastiki ndiyo ifaayo zaidi.

Sasa nije kwenye hesabu. Ghala la urefu wa mita 20, upana mita 10 na kuta za kimo cha mita 4, lina mzunguko wa mita 60, na kuta zake za nje zina mita za mraba 240. Tuseme milango na madirisha ni mita za mraba 20, zimebaki 220. Lita moja ya rangi ya maji juu ya lipu laini hufunika kiasi cha mita za mraba 10 kwa tabaka moja. Tabaka moja basi ni lita 22, na matabaka mawili ni lita 44. Lipu ikiwa ya kukwaruza, au ikiwa haijapata kupakwa, itakunywa zaidi, pengine nusu tena, yaani lita 66. Kwa hiyo madebe matatu ya lita 20, au manne, yanaelezeka. Ukiletewa hati ya madai ya madebe manane, una haki ya kuuliza manne yamekwenda wapi, na mkaguzi atakuuliza wewe.

MABATI NA MBAO

Bati jipya limevikwa madini ya zinki, nayo zinki ndiyo ngao yake. Likiwa bado linang'aa halina haja ya rangi, na rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa juu yake hubanduka kama ganda la kitunguu. Likifubaa na kutu ikaanza kuonekana, ndipo wakati wake umefika. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka itoke, bati lioshwe na kukauka, kisha lipakwe rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya bati la zinki, na juu yake rangi ya mwisho. Kupaka juu ya kutu ni kuificha, nayo itaendelea kula bati ikiwa mafichoni. Kwa vyama vya karibu na bahari hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ya upepo wa chumvi. Tena, wenye maghala ya joto wajue kwamba paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na ndani hupungua joto.

Mbao zipakwe zikiwa kavu. Kwanza rangi ya msingi, kisha rangi ya kati, kisha ile ya kung'aa, na kila moja ipigwe msasa kidogo kabla ya inayofuata. Vichwa vya mbao, palipokatwa kwa msumeno, ndipo maji yanapoingilia. Visisahauliwe chini ya milango. Wengine hupaka oili chafu ya magari au kreosoti ili kufukuza mchwa. Ndani ya ghala la mazao msifanye hivyo. Kahawa na chai hunyonya harufu upesi, na mwonjaji ataikuta kikombeni. Kwa sababu hiyo hiyo madebe ya rangi na tapentaini yasiwekwe chumba kimoja na mazao.

SUMU ILIYO KATIKA RANGI ZA KALE

Zamani rangi nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, yaani rangi nyeupe ya risasi kwa mbao na kuta, na ile nyekundu kwa vyuma. Risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Hatari yake haikugunduliwa jana. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo, na Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni.

Kwetu sisi yapo mambo matatu ya kushika. Kwanza, katibu asinunue rangi isiyo na lebo ya kiwanda, hata ikiwa ya bei nafuu. Pili, mlango wa zamani wenye rangi ya miaka mingi usisuguliwe mkavu wala usichomwe moto. Ulowanishwe kwanza, na vumbi likusanywe na kuzikwa mbali na kisima. Tatu, madebe matupu ya rangi yasigawiwe wanachama kwa kuchotea maji au kuwekea unga. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na aliyeyagawa alidhani anatenda wema.

WAJIBU WA KATIBU NA HALMASHAURI

Sasa narudi kwenye vitabu. Kazi ya rangi ni rahisi kuibiwa, kwa kuwa ikimalizika matabaka ya chini hayaonekani. Nashauri kila chama kifanye hivi:

1. Kabla ya kuamua, wajumbe wawili na fundi asiyekuwa mwombaji wa kazi hiyo wazunguke jengo, waguse kila ukuta, na wanayoyaona yaandikwe katika muhtasari.

2. Matengenezo ya paa, mifereji na msingi yaamuliwe kwanza. Fedha zikiwa chache, zitumike huko, na rangi ingoje.

3. Muhtasari utaje aina ya rangi, idadi ya matabaka, na vipimo vya kuta. Neno "kupaka rangi" peke yake halitoshi.

4. Madebe yapokelewe stoo, yaandikwe katika leja, na yafunguliwe mbele ya mjumbe mmoja. Rangi iliyozimuliwa kupita maagizo ya kiwanda ni wizi wa polepole.

5. Tabaka la kwanza litofautiane kidogo na la pili kwa rangi. Hivyo hata asiye fundi ataona mahali palipopakwa mara moja tu.

6. Fundi alipwe kwa hatua: baada ya kukwangua na kusafisha, baada ya tabaka la kwanza, na baada ya la mwisho. Sehemu kidogo ya malipo ibakizwe mpaka mvua za kwanza zipite.

7. Kila mwaka chama kitenge fedha za matengenezo, hata kama ni kidogo. Chama kisichotenga hukumbuka rangi wageni wanapokaribia, na hapo hakuna muda wa kungoja ukuta ukauke.

MWISHO

Ndugu zangu, mtataka kujua mambo yaliishaje kwa chama kile. Katika mkutano ule nilisimama, nikakiri kwamba niliandika nisilolipima, nikamwomba radhi yule mama na wanachama wote. Hasara haikurudi kwa maneno yangu, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani ilirudi. Wanachama wenyewe walijitolea, wakachimba mtaro upande wa mlimani na kuuondoa udongo uliolalia ukuta. Yule mzee mwashi ndiye aliyewasimamia. Ile rangi ilikwanguliwa, ukuta ukaachwa wazi kiangazi kizima, kisha ukapakwa chokaa, tabaka kwa tabaka. Si mweupe wa kung'aa kama siku ile ya kwanza, lakini ni mkavu.

Mimi nami nimebadili desturi yangu. Nifikapo kwenye chama chenu msinikaribishe kiti kwanza. Nipeni ufunguo wa ghala nikapapase kuta, kisha tutafungua leja. Na mkiniona nimeandika juu ya jengo nikiwa nimesimama uani, mwanachama yeyote ana haki ya kunirudisha ndani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuzibe ufa kwanza, ndipo tupake rangi juu yake.